Mdogo wangu ameitiwa mkanda, lakini anaficha maumivu ya kichwa

Shikamoo mzee.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nina miaka 34. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 22, nimemlea tangu ana miaka 11, mama alipofariki. Kwa watu mimi ni dada yake, lakini moyoni naumia kama mama.

Alianza ngumi akiwa darasa la saba. Kulikuwa na ukumbi mdogo kule Mabatini, begi lenyewe ni gunia lililojazwa matambara na mchanga, limening'inizwa kwenye boriti. Mwanzoni nilimchapa, nikidhani anajifunza ukorofi. Baadaye nikaona anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa, anakimbia mpaka Bwiru na kurudi kabla ya shule, na ule ukorofi aliokuwa nao zamani umekwisha. Nikanyamaza. Glovu zake za kwanza nilimnunulia mimi kwa pesa ya dagaa.

Amecheza ridhaa miaka minne. Amewakilisha mkoa, akaenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa, akaishia nusu fainali. Mwaka jana akaingia ngumi za kulipwa. Amepigana mara tano na kushinda zote, nne za raundi nne na moja ya raundi sita. Sikufichi mzee, baadhi ya aliowapiga sikuwaelewa. Mmoja alipanda ulingoni ana mvi na kitambi, akaanguka raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo naamini hata mimi isingeniangusha.

Sasa amekuja promota. Anasema amempatia pambano la mkanda wa Afrika, raundi 10, nje ya nchi, wiki sita kuanzia sasa, uzito wa kilo 57. Mpinzani ana mapambano zaidi ya 20. Malipo ni shilingi milioni tatu, pesa ambayo nyumbani kwetu haijawahi kuingia kwa mkupuo. Ila kabla ya kusafiri anatakiwa asaini karatasi ya miaka mitano: promota huyohuyo awe pia ndiye meneja wake, achukue nusu ya kila anachopata. Karatasi ni kurasa mbili za Kiingereza.

Mdogo wangu kwa kawaida ana kilo 66. Juzi saa saba mchana, jua kali, nilimkuta anapanda miamba nyuma ya nyumba amevaa koti la mvua la wavuvi, lile la plastiki la njano, na ndani sweta mbili. Mkononi ana chupa. Nikafurahi kwamba angalau anakunywa maji. Kumbe chupa ni ya kutemea mate. Ilikuwa imefika nusu.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki mbili zilizopita alifanya sparingi, yale mazoezi ya kupigana, na mtu mzito kuliko yeye, akarudi kimya. Usiku ule akaniuliza kama nimelipa kodi ya chumba. Nikamjibu. Baada ya dakika kama kumi akauliza tena. Tukiwa tunakula akauliza mara ya tatu. Asubuhi akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kushtuka. Tangu siku hiyo anapenda kukaa gizani, anasema taa inamuumiza kichwa, na nikimuuliza anasema ni malaria. Ameniapisha nisimwambie kocha. Nikimsema ananijibu, "Dada, hata Mwakinyo aliitwa Uingereza ghafla, na akampiga Mzungu kwao."

Mzee, nimzuie? Nikimzuia atasema nimemkatia riziki na ndoto, na ndoto yenyewe nimeijenga naye. Nisipomzuia, naogopa.

Dada wa bondia, Kirumba

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na chumvi kwenye chai. Mkanda, mkataba na promota vitasubiri.

Mtu aliyepigwa kichwani, akauliza swali moja mara tatu, asiyesikia chumvi kwenye chai, anayekimbia mwanga wa taa, ubongo wake umetikisika. Na kama wiki mbili zimepita bado anakaa gizani, haujapona. Malaria hupimwa kwa tone la damu, basi na ipimwe, lakini isiwe ndiyo sababu ya kuacha kupima kichwa. Mpeleke hospitali leo. Mna bahati mko mjini, Bugando haiko mbali na kipimo cha kupiga picha ya ubongo kipo. Ingia naye kwa daktari. Ukimwacha aingie peke yake atataja malaria na kurudi na panado. Wewe ndiye utaje sparingi, lile swali, chai, koti la plastiki na chupa ya mate. Na kabla hamjafika huko, akianza kutapika, au akilala ikawa taabu kumwamsha, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au mkono mmoja ukalegea, usisubiri kukuche. Gonga mlango wa jirani mwenye gari.

Kiapo ulichoapishwa hakikufungi. Kocha aambiwe leo hiihii. Hakuna sparingi, hakuna kupigwa hata ngumi ya utani, mpaka daktari aseme. Bondia akipigwa KO, yaani akaangushwa asiweze kuendelea, husimamishwa wiki kadhaa hata kama anajisikia mzima, na sababu ni hii: ngumi ya pili ikiukuta ubongo ambao haujapona inaweza kuleta madhara ambayo ngumi ileile isingeleta kwa mtu mzima wa afya. Haihitaji kuwa kubwa. Nimeona vijana wakianguka kwa jabu, ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele.

Nakwambia haya kwa sababu nimekaa kona ya ulingo nikihudumia mabondia miaka mingi, na kuna kosa langu moja nitazikwa nalo. Nilikuwa na kijana mzuri sana, wa umri wa mdogo wako. Mwisho wa raundi ya sita alirudi kwenye kiti akaniuliza, "Hii ya ngapi?" Nikamwambia ya sita imeisha. Nikamkamulia sponji shingoni, nikamtoa kinga ya meno, nikaisuuza. Akaniuliza tena, "Hii ya ngapi?" Taulo, lile tunalotupa ulingoni kusimamisha pambano, lilikuwa begani kwangu. Nikahesabu pointi kichwani, nikaona tunaongoza, zimebaki raundi mbili tu. Nikamrudishia kinga mdomoni nikamsukuma mgongoni aende. Alishinda. Watu walimbeba mabegani mpaka barabarani. Leo anakaa kwenye gereji ya pikipiki ya ndugu yake, spana inamcheza mkononi, na kila nikipita ananiuliza kama nimekuja kumchukua twende mazoezini. Namjibu. Kabla sijafika kona ya barabara anauliza tena.

Ndiyo maana nilipofika pale pa kodi ya chumba niliiweka barua chini kwanza.

Sasa, Mwakinyo. Usimkatalie mdogo wako mfano huo, ni wa kweli. Tarehe 8 Septemba 2018, pale Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na nchi nzima tuliruka. Mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini tangu siku ile promota wengi wanatembea na habari hiyo mfukoni, wanaikunjua mbele ya kila kijana wanayetaka kumsafirisha, na kuna kipande wanakiacha. Mwakinyo siku ile alikuwa na mapambano zaidi ya 10 ya kulipwa nyuma yake. Alikuwa ameshapoteza, ameshajua uchungu wa kusikia mkono wa mwenzake ukiinuliwa. Na hata yeye, Septemba 2022 kule Liverpool, alisimamishwa na Liam Smith raundi ya nne. Mdogo wako ana mapambano matano, moja kati yake na mtu mwenye mvi.

Na asidhani ridhaa nzuri peke yake inamkinga. Jirani zetu Kenya walikuwa na Robert Wangila. Dhahabu ya Olimpiki, Seoul 1988, Mkenya pekee aliyewahi kuileta nyumbani kwa ngumi. Ridhaa gani itaizidi hiyo? Akaenda Marekani kupigania pesa. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzales raundi ya tisa, na Wangila akalalamika kwamba limesimamishwa mapema. Akazimia baada ya pambano, akafa. Alikuwa na miaka 26.

Sisemi haya ili umtishe aache ngumi. Ngumi zimemlea pamoja na wewe. Swali lako ni umzuie au usimzuie, na jibu langu ni kwamba umzuie pambano hili, ngumi zenyewe umwachie.

Tazama hesabu. Ridhaa anacheza raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika 9. Pambano lake refu kuliko yote, lile la raundi sita, lingekwenda mpaka mwisho ni dakika 18. Huyu promota anamtaka dakika 30, ugenini, na mtu aliyekwisha kupita huko mara nyingi. Tena kwa glovu za aunsi 8, nyembamba kuliko za aunsi 10 alizozoea ridhaa. Halafu kilo 57 kutoka 66. Hizo ni kilo tisa kwa wiki sita, na nyingi zitakuwa maji, ndiyo kazi ya lile koti na ile chupa. Uzito unapimwa siku moja kabla ya pambano. Atabaki na usiku mmoja wa kunywa maji, na mwili uliokauka haurudi wote kwa usiku mmoja. Raundi mbili za mwanzo ataonekana yuko sawa. Kuanzia ya tano miguu itakufa, na bondia ambaye miguu imekufa anabaki kupokea.

Unajua kwa nini wanamtaka yeye? Kwa sababu hajapoteza. Bingwa wa nyumbani kwake anatafuta mgeni ambaye kwenye bango ataandikwa "hajawahi kushindwa", watu wajae ukumbini waje kuona anavyoshindwa. Ule ushindi dhidi ya yule mwenye mvi haukuwa wa mdogo wako, ulikuwa bidhaa ya promota. Alikuwa anamnenepesha. Nasikitika kukwambia hivyo, maana najua uliushangilia.

Njia ya kufika kwenye mkanda ipo, na haina siri. Baada ya raundi sita kuna raundi nane, na si na mzee wa kitambi. Apigane na mtu atakayempeleka mpaka kengele ya mwisho. Apigane na mashoto, anayetumia mkono wa kushoto. Apigane na yule anayekumbatia na kukanyaga miguu na kuharibu mchezo wote, usiku ule atajifunza kuliko mwaka mzima wa begi. Apoteze hata moja, tuone anaamkaje Jumatatu. Kisha mkanda wa taifa, chini ya Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa, TPBRC, ambayo ndiyo inayotakiwa kumpa leseni na kujua anaposafiri kwenda kupigana nje. Baada ya hapo mikanda ya Afrika, na hapo kuna kazi ya kuuliza: mkanda wa chama gani? Neno "Afrika" kwenye ngozi ya dhahabu halitoshi, mikanda ipo mingi. Wanaohesabika duniani ni WBA, WBC, IBF na WBO, na kila chama kina orodha ya 15 bora kwa kila uzito. Akiingia kwenye orodha hiyo ndipo jina lake linaanza kutajwa kwa ubingwa wa dunia. Hiyo ni safari ya miaka. Anayo, ana miaka 22.

Wewe unakaa Mwaloni, unawajua wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaingii ziwani. Mitumbwi inavutwa mchangani, wanaume wanakaa kivulini wanashona nyavu, na hakuna anayemwita mwenzake mwoga. Giza likirudi wanaingia. Mwambie hivyo, amekua akiwaona.

Kuhusu ile karatasi, asisaini. Promota ananunua pambano, kwa hiyo anataka kulipa kidogo. Meneja analiuza kwa niaba ya bondia, kwa hiyo anatakiwa kudai kikubwa. Akiwa mtu mmoja, nani atamdai nani? Mnunuzi akitoka Congo akakwambia dalali wako atakuwa yeye mwenyewe, ungemuuzia? Na miaka mitano ni sehemu kubwa ya maisha ya bondia. Mkataba wowote uandikwe kwa Kiswahili anachokisoma, usomwe na mwanasheria au msaidizi wa kisheria aliye upande wenu, useme nani analipa kocha, kambi na tiketi ya kurudi, nani analipa hospitali akiumia, na kijana anatokaje pambano lisipopatikana. Hili la hospitali usilipite haraka. Wengi wanarudi na mkanda au bila mkanda, na dawa wananunuliwa na dada zao.

Ile milioni tatu nayo uipige hesabu mezani mbele yake. Nusu ni ya meneja, imebaki milioni moja na nusu. Mtoe kocha, chakula cha kambi, pasipoti na nauli ya kwenda Dar es Salaam. Kinachobaki ukilinganishe na kazi za miezi michache za kijana mwenye kichwa kizima.

Utamwambiaje? Usimwambie mbele ya rafiki zake, na usiende peke yako, kocha awepo. Mweleze ulichokiona kwa macho yako. Usianze na unachokiogopa, maana hofu ya dada ataicheka, lakini chai ya chumvi hawezi kuikana, aliinywa mbele yako. Mwambie: pambano hili hapana, linalofuata tutalitafuta pamoja. Atakasirika. Pengine atalala kwa rafiki yake siku mbili tatu. Mwache akasirike. Mtumie chakula, na siku ya daktari mfuate hukohuko aliko. Promota naye atasema nafasi hairudi, na kabla ya wiki kuisha atakuwa amempata kijana mwingine. Natamani kijana huyo naye angekuwa na dada.

Kama kocha atakataa, akasema dalili hizo ni za kawaida na wote wamepitia, basi tatizo lenu ni kubwa kuliko promota. Tafuteni kocha mwingine. Kazi ya kwanza ya mtu wa kona ni taulo.

Daktari akishamruhusu, hata kama ni baada ya miezi, arudi taratibu, na arudi kwenye uzito wake. Kwa kilo 66 za kawaida, uzito wa kilo 61 na kidogo anaufikia kwa kupunguza ugali na kukimbia asubuhi, bila plastiki. Samaki mnao, mboga zipo. Mizani ya dagaa pale kibandani kwako inatosha kumpima kila Jumatatu kabla hajanywa chai.

Na daftari unalo, la wanaokudai na unaowadai. Fungua ukurasa wa nyuma. Andika tarehe ya sparingi ile, andika swali la kodi mara tatu, andika chai, na tarehe ambazo taa ilimuumiza. Kuanzia sasa kila sparingi na kila pambano liingie humo, nani, raundi ngapi, alipigwa wapi, alilalaje. Nenda nalo kwa daktari leo. Halafu niandikie majibu ya kipimo, nayasubiri.